Milinganyo, Nasibu au Gridi: Kuchagua Njia ya Kuiga Wawindaji na Mawindo kwa Kompyuta

Anayetaka kuiga kwa kompyuta namna idadi ya wanyama wawindaji na ya mawindo yao inavyopanda na kushuka ana njia tatu mbele yake, na programu za kuzitekeleza zote tatu zinapatikana bila malipo. Anaweza kuandika milinganyo inayoeleza kasi ya mabadiliko ya kila kundi, kisha akaiachia kompyuta kazi ya kuitatua. Anaweza kuhesabu wanyama kwa vichwa vyao, na kila tukio, yaani kuzaliwa, kuliwa au kufa, likatokea kwa nasibu. Anaweza pia kumweka kila mnyama kwenye mraba wake katika gridi, akampa kanuni za kutembea, kula, kuzaa na kufa njaa, halafu akatazama yatakayotokea. Kwa mtazamo wa haraka njia zote tatu hutoa grafu ya aina moja: mawimbi mawili, la wawindaji likichelewa kidogo nyuma ya la mawindo. Kwa sababu ya kufanana huko wengi hubaki na njia waliyokutana nayo kwanza, ilhali zipo hali ambazo njia moja husema wawindaji watarudi kwa wingi na nyingine husema hakuna hata mmoja aliyebaki.

Naona maswali mawili yanatosha kuongoza uchaguzi, nayo yafaa kuulizwa kabla ya kuandika msimbo wowote. Je, uwezekano wa kundi kutoweka kabisa ni sehemu ya jambo unalotaka kulijua? Na je, mahali alipo mnyama hubadili nani atamla nani? Mengine yote, kama vile kasi ya kompyuta, lugha ya programu na uzuri wa picha, huja baada ya hayo.

Milinganyo

Milinganyo inayojulikana zaidi ni ya Alfred Lotka na Vito Volterra, ambao waliifikia kila mmoja kwa njia yake: Lotka aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1925, na Volterra katika makala ya mwaka 1926. Volterra, mwanahisabati wa Italia, alisukumwa na swali la mwanabiolojia Umberto D'Ancona, ambaye alikuwa amechunguza kumbukumbu za masoko ya samaki kwenye pwani ya Bahari ya Adriatiki. Katika bandari ya Fiume, ambayo leo inaitwa Rijeka, papa na jamaa zao walikuwa asilimia 11.9 ya samaki walioletwa sokoni mwaka 1914. Walifika asilimia 36.4 mwaka 1918, baada ya vita kupunguza uvuvi kwa miaka kadhaa, kisha wakashuka hadi asilimia 10.7 mwaka 1923. Kilichohitaji maelezo ni kwa nini uvuvi ukipungua anayenufaika zaidi ni papa, wala si samaki anayeliwa na papa.

Tuchukue mawindo kuwa sungura na wawindaji kuwa mbweha, idadi ya sungura tuiandike S na ya mbweha M, na herufi a, b, c na d ziwe namba za kudumu. Kasi ya badiliko la sungura ni aS − bSM, maana yake sungura huzaliana kwa kadiri ya wingi wao, nao huliwa kwa kadiri wanavyokutana na mbweha. Kasi ya badiliko la mbweha ni dSM − cM, maana yake mbweha huongezeka kwa chakula wanachopata na hupungua kwa vifo vyao wenyewe. Ukitafuta msawazo, yaani hali ambayo hakuna kundi linalobadilika, utapata sungura c/d na mbweha a/b, na inathibitika kihisabati kwamba wastani wa kila kundi katika mzunguko mzima ni huohuo. Sasa uvuvi, au uwindaji wowote wa binadamu unaogusa makundi yote mawili, hupunguza a na huongeza c. Wastani wa mawindo, c/d, unapanda; wastani wa wawindaji, a/b, unashuka. Uvuvi ukisimama, mambo hugeuka, na hilo ndilo lililoonekana Fiume.

Nimeeleza hoja hiyo kwa urefu kwa sababu inaonyesha nguvu ya milinganyo ambayo njia nyingine mbili hazina. Jibu limepatikana kwa kalamu na karatasi, na ni jibu la jumla: linasimama kwa thamani zozote za a, b, c na d. Hoja hiyohiyo inaonya kwamba sumu inayoua wadudu waharibifu pamoja na wadudu wanaowala inaweza kuwazidisha waharibifu, jambo lililotokea katika mashamba ya michungwa ya California pale sumu ya DDT ilipowaua mbawakawa waliokuwa wakiwadhibiti vidugamba, wadudu waharibifu wa michungwa. Ukiendesha gridi mara elfu kwa thamani elfu tofauti utapata mifano elfu, lakini hutapata kauli inayosimama kwa zote. Kwa hiyo ikiwa unachotafuta ni kanuni, au ikiwa unafundisha kwa nini mawimbi yanatokea kwa jumla, milinganyo ndiyo chaguo la kwanza, na sioni sababu ya kuanzia kwingine.

Gharama yake ni kwamba ni rahisi kuitatua vibaya bila kujua. Chukua a = 1, b = 0.1, c = 1.5 na d = 0.075, ambapo msawazo ni sungura 20 na mbweha 10, kisha anza na sungura 10 na mbweha 5 kwa hatua za muda za 0.1. Njia nyepesi kuliko zote, ambayo ndiyo watu wengi huiandika kwenye jedwali la hesabu, hukokotoa mabadiliko yote mawili kutoka kwenye thamani za zamani: sungura wanakuwa 10.5 na mbweha 4.625. Ukirudia hivyo hatua baada ya hatua, kila mzunguko unatoka nje kidogo ya uliotangulia, na mawimbi yanakua mfululizo bila sababu yoyote ya kibiolojia. Sasa fanya badiliko dogo: kokotoa kwanza sungura wapya, kisha utumie 10.5 hiyo, badala ya 10, kukokotoa mbweha. Mbweha wanakuwa takriban 4.644. Tofauti haifiki mbili kwa mia, lakini njia hii ya pili hubaki kwenye mzunguko uleule hata baada ya mizunguko mingi, mradi hatua ziwe ndogo. Katika SciPy, maktaba ya lugha ya programu ya Python, kitatuzi cha solve_ivp huchagua hatua chenyewe, ila kiwango chake cha kawaida cha kustahimili kosa ni sehemu moja kwa elfu (0.001) kwa uwiano, nacho ni kilegevu mno kwa mizunguko mingi. Ni vyema kukikaza hadi 1e-8, yaani 0.00000001. Kipimo cha kujua kama umefanikiwa ni kiasi dS − c ln S + bM − a ln M (ln ni logi asilia), ambacho kwa milinganyo hii hakipaswi kubadilika kamwe. Kikipanda au kikishuka, ujue kompyuta inakuonyesha kosa la ukokotoaji wake na si maisha ya wanyama.

Ikumbukwe pia kwamba milinganyo ya Lotka na Volterra katika umbo lake la asili ni ya kujifunzia tu. Inawaacha sungura wazaliane bila kikomo cha malisho, na inamruhusu mbweha mmoja ale sungura kwa kasi isiyo na mwisho mradi sungura wawepo. Tena ukubwa wa mawimbi unategemea tu ulipoanzia, na ukiongeza jambo dogo lolote la kweli tabia nzima hubadilika. Kwa kazi ya maana ningependekeza umbo la Rosenzweig na MacArthur la mwaka 1963, ambalo linaweka kikomo cha malisho na linampa mwindaji tumbo linaloshiba. Humo mawimbi, yanapotokea, yana ukubwa wake maalumu usiotegemea mwanzo. Pia humo mna onyo ambalo Rosenzweig alilitoa mwaka 1971: ukiongeza malisho ya mawindo kupita kiasi fulani, msawazo huvunjika na mawimbi hukua hadi makundi yote mawili yakaribie sifuri.

Neno hilo, kukaribia sifuri, ndilo linalotupeleka kwenye njia ya pili.

Nasibu

Rudi kwenye thamani zilezile, lakini uanze na sungura 80 na mbweha 10. Milinganyo inasema mbweha watapanda hadi takriban 50, sungura watashuka hadi 1.6, kisha mbweha watafikia 0.34 kabla ya kuanza kuongezeka tena. Thuluthi moja ya mbweha haiwezi kuzaa. Mlinganyo haujui hilo, kwa sababu kwake idadi ni kiasi kinachogawanyika bila mwisho, kama maji, na chochote kilicho juu ya sifuri kinaweza kukua tena. Katika maisha, kundi lililofikia hapo mara nyingi limeshakwisha. Mtu anayetumia milinganyo kutabiri kama wanyama fulani watasalimika anauliza swali ambalo chombo chake kimelifungia mlango.

Njia ya nasibu inahesabu kwa vichwa. Kanuni inayotumika zaidi ni ile ya Daniel Gillespie, aliyoieleza mwaka 1976 na 1977 kwa ajili ya kemia, nayo inafaa wanyama vilevile. Tazama inavyofanya kazi katika hali hiyo ya sungura 80 na mbweha 10. Matukio yanayowezekana ni matatu: sungura kuzaliwa, kwa kasi ya aS = 80; sungura kuliwa, kwa kasi ya bSM = 80; na mbweha kufa, kwa kasi ya cM = 15. Jumla ni 175, kwa hiyo muda hadi tukio linalofuata ni wa nasibu wenye wastani wa 1/175. Kompyuta inachagua namba ya nasibu kupata muda huo, kisha nyingine kuchagua tukio: nafasi 80 kati ya 175 ni ya kuzaliwa, 80 ya kuliwa, na 15 ya kifo cha mbweha. Sungura akiliwa, kuna nafasi ya d/b, yaani 0.75, kwamba mbweha mmoja ataongezeka. Kisha idadi zinasahihishwa kwa mnyama mmoja mmoja, kasi zinakokotolewa upya, na mzunguko unaanza tena. Msimbo wote hauzidi ukurasa mmoja.

Ukiendesha mara moja utapata hadithi moja. Ukiendesha mara mia utapata jambo ambalo mlinganyo hauwezi kukupa, yaani ni mara ngapi kati ya mia mbweha walitoweka, ni mara ngapi sungura walitangulia, na ilichukua muda gani. Hilo ndilo jibu analolihitaji mtu wa uhifadhi, au mtu anayefikiria kuwaachilia wawindaji kumi mahali ambapo hawakuwapo. Grafu moja nzuri ya nasibu haina thamani ya ushahidi. Hifadhi mbegu ya nasibu ya kila jaribio, yaani namba ambayo kompyuta huanzia kutoa namba zake za nasibu, ili uweze kulirudia, na utoe mgawanyo wa matokeo badala ya kuchagua grafu iliyokupendeza.

Hata hivyo si kila swali linahitaji nasibu, na hapa ndipo ninapoona watu wakijitwisha kazi bure. Mtikisiko wa nasibu ukilinganishwa na idadi yenyewe hupungua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi: kwa wanyama 100 ni kama asilimia 10, kwa wanyama 10,000 ni kama asilimia 1. Ikiwa S na M katika mfano wetu zinahesabiwa kwa maelfu, 0.34 ni mbweha 340, na mlinganyo unasema kweli ya kutosha. Kipimo ni shimo la chini kabisa la wimbi, wala si wastani wake. Endesha kwanza milinganyo, angalia kundi linashuka hadi vichwa vingapi, na kama ni makumi machache au pungufu, hamia kwenye nasibu.

Kuna sababu nyingine ya kuichagua ambayo haihusiani na kutoweka. Alan McKane na Timothy Newman walionyesha mwaka 2005 kwamba pale milinganyo inaposema mawimbi yatafifia na kutulia, mfumo uleule ukihesabiwa kwa vichwa unaweza kuendelea kuyumba kwa mpangilio bila kukoma, kwa kuwa nasibu yenyewe hulisukuma upya wimbi linalotaka kufa. Kwa hiyo anayejaribu kueleza mizunguko iliyoonekana katika kundi la wastani asiseme milinganyo yake ina kasoro kabla ya kuijaribu kwa nasibu.

Udhaifu wa njia hii ni mwendo wake. Kila tukio linashughulikiwa peke yake, kwa hiyo wanyama wakiongezeka mara mia kazi inaongezeka mara mia au zaidi. Hatari zaidi ni pale mbweha wanapokwisha katika mfano usio na kikomo cha malisho: sungura wanaongezeka bila kizuizi, matukio yanasongamana katika muda mdogo, na programu inaonekana kama imeganda. Weka kikomo cha malisho, au amri ya kusimama kundi moja likifika sifuri. Kwa idadi kubwa ipo njia ya mkato, ambayo Gillespie mwenyewe aliieleza mwaka 2001, ya kuruka matukio mengi kwa hatua moja, lakini iache idadi zinapokuwa ndogo, kwani hapo inaweza kukutolea wanyama hasi.

Gridi

Njia mbili zilizotangulia zina dhana moja ya pamoja ambayo haionekani kwa urahisi: kila mbweha ana nafasi sawa ya kukutana na kila sungura, popote walipo. Kwa vijidudu ndani ya chupa inayotikiswa dhana hiyo ni sahihi. Kwa wanyama wanaotembea juu ya ardhi mara nyingi si sahihi, na matokeo yake si madogo.

Ushahidi wa maabara ni wa zamani. Mrusi Georgii Gause, katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1934, aliwaweka Didinium pamoja na Paramecium wanaoliwa nao, wote vijidudu vya seli moja, katika mirija ya maji. Wawindaji waliwamaliza mawindo wote, kisha wao wenyewe wakafa njaa. Mwaka 1958 Carl Huffaker alitumia utitiri unaoishi kwenye machungwa na utitiri mwingine unaoula. Machungwa yalipopangwa kwa urahisi, wawindaji waliwafikia mawindo wote na kila kitu kikaisha. Alipopanga machungwa 120, akaweka vizuizi vya vaselini na vijiti ambavyo mawindo waliweza kurukia upeponi kwenda mbali, makundi mawili yaliishi pamoja kwa mizunguko mitatu mizima. Wanyama walikuwa walewale na chakula kilekile. Kilichobadilika ni kwamba mawindo walipata sehemu ambazo wawindaji walikuwa bado hawajazifikia. Mlinganyo wa idadi tupu hauna mahali pa kuandika jambo hilo.

Gridi inapo. Mfano wake maarufu ni Wa-Tor, ambao A. K. Dewdney aliueleza katika jarida la Scientific American la Desemba 1984: sayari ya maji yenye umbo la bofulo la duara lenye tundu katikati, ambapo ukitoka upande mmoja wa gridi unaingia upande wa pili. Kila samaki anahamia kwa nasibu kwenye mraba jirani ulio wazi, na akitimiza umri fulani anaacha mtoto alipotoka. Kila papa hutazama miraba minne ya jirani. Akiona samaki anamla, asipoona anatembea tu, na akikaa muda fulani bila kula anakufa. Kwa kanuni hizo chache tu yanatokea mawimbi ya idadi na, kinachovutia zaidi, yanatokea maumbo: makundi ya samaki yanayotanda, kingo za papa zinazoyatafuna, na uwazi unaobaki nyuma yao.

Kwa asiyetaka kuandika msimbo tangu mwanzo, NetLogo, programu ya kuigia iliyoundwa na Uri Wilensky, inakuja na mfano ulio tayari wa mbwa mwitu na kondoo. Mfano huo una sura mbili, na ninamshauri kila anayeanza aziendeshe zote mbili kwa zamu. Katika ya kwanza kondoo hawahitaji majani, na mfumo kwa kawaida huvunjika: ama mbwa mwitu wanakwisha na kondoo wanafurika, ama wote wanakwisha. Katika ya pili majani yanaliwa na huchukua muda kuota tena, na mawimbi yanaweza kudumu. Hapo utaona kwa macho yako kile ambacho Rosenzweig na MacArthur walikiandika kwa alama, yaani kwamba kikomo cha malisho ndicho kinachoshikilia mengine. Wanaotumia Python wana maktaba ya Mesa, ambayo ina mfano unaofanana na huo.

Sasa gharama. Uhuru wa gridi ni mkubwa kiasi kwamba kila uamuzi mdogo wa mwandishi wa msimbo unakuwa sehemu ya biolojia bila yeye kukusudia. Mfano ulio wazi kabisa ni mpangilio wa kuwashughulikia wanyama. Ukipita gridi kutoka kushoto kwenda kulia, samaki aliyehamia mraba wa kulia atakutwa tena na kitanzi cha programu katika hatua ileile na kusogezwa mara ya pili, ilhali aliyehamia kushoto hatasogezwa tena. Baada ya hatua nyingi kundi zima linaonekana likielea upande mmoja kana kwamba kuna mkondo wa maji. Ukiwashughulikia papa wote kwanza na samaki baadaye, papa wanapata faida isiyoandikwa popote. Ukiwahamisha wote kwa pamoja, papa wawili wanaweza kumla samaki mmoja na wote wawili wakahesabiwa wameshiba. Dawa ni kuchanganya orodha ya wanyama upya kila hatua na kumweka alama kila aliyekwisha kutenda, na uamuzi huo uandikwe katika maelezo ya kazi, kwa sababu mwingine akitaka kuirudia na hajui mpangilio, atapata majibu tofauti.

Kasi inategemea zaidi ulivyopanga kumbukumbu kuliko lugha uliyotumia. Kwa papa 1,000 na samaki 10,000, kumlinganisha kila papa na kila samaki ni ulinganishaji milioni 10 kwa kila hatua. Kutazama miraba minne tu inayomzunguka kila papa ni mitazamo 4,000. Tena vigezo ni vingi, navyo si huru: umri wa kuzaa, muda wa kustahimili njaa, ukubwa wa gridi, idadi ya kuanzia. Gridi ndogo huua makundi haraka kuliko kubwa hata kama msongamano ni uleule, kwa kuwa hakuna sehemu ya mbali ya kupona. Kwa hiyo kabla ya kutangaza kwamba kundi limetoweka, rudia jaribio kwenye gridi yenye upande maradufu.

Nani achague ipi

Mwalimu anayetaka wanafunzi waelewe kwa nini wimbi la wawindaji linachelewa aanze na milinganyo kwenye jedwali la hesabu, kisha awaonyeshe gridi siku hiyohiyo. Njia hizo mbili zikiwa pamoja zinafundisha zaidi kuliko mojawapo peke yake, na nasibu ya Gillespie inaweza kusubiri. Anayeshughulikia kundi dogo lililo hatarini, ambalo linachanganyikana vya kutosha, achukue nasibu, na sioni hoja ya kumpeleka kwenye gridi ikiwa hana habari za mahali wanyama wanapokaa. Anayeuliza kuhusu uzio, njia za kuhamia, misitu iliyokatwa vipande au eneo la kukimbilia, hana budi kutumia gridi, kwa sababu swali lake lenyewe ni la mahali.

Mwenye data ya miaka mingi anayetaka kutafuta vigezo vinavyoifaa ana hali ya pekee. Kutafuta vigezo kunahitaji kuendesha modeli maelfu ya mara, na mlinganyo mmoja unatatuliwa kwa sehemu ndogo ya sekunde, wakati gridi kubwa iliyorudiwa mara mia kwa kila seti ya vigezo inaweza kuchukua siku nzima. Hapa ningeshikamana na milinganyo hata kama najua ni kurahisisha, na ningeacha gridi kwa ajili ya kuhakiki mwishoni. Ila data yenyewe ichunguzwe kwanza. Mfano unaorudiwa zaidi katika vitabu ni wa linksi, aina ya paka mwitu, na sungura wa theluji wa Kanada, wenye mzunguko wa takriban miaka 10, nao unatokana na hesabu za ngozi zilizonunuliwa na kampuni ya Hudson's Bay. Ngozi zilizoletwa na watega mitego si sensa ya wanyama walio msituni. Michael Gilpin alionyesha mwaka 1973 kwamba ukiitia data hiyo katika milinganyo ya kawaida bila tahadhari, kwa baadhi ya miaka unapata picha ya sungura wanaowala linksi. Hakuna njia kati ya hizi tatu inayoweza kurekebisha hesabu iliyopimwa vibaya.

Kwa ambaye bado hajajua kama swali lake linahitaji gridi, kuna jaribio moja ambalo naliamini kuliko ushauri wowote wa jumla, na linawezekana katika jioni moja. Andika gridi yako, kisha ongeza swichi inayowatawanya wanyama wote upya kwa nasibu mwishoni mwa kila hatua. Swichi ikiwa imewashwa, mahali hapana maana tena, na unaweza kukokotoa kwa mkono kinachopaswa kutokea: samaki wakijaza sehemu p ya miraba, papa mwenye majirani wanne anapata mlo kwa nafasi ya 1 − (1 − p)^4. Kwa p = 0.1 hiyo ni takriban asilimia 34, kwa p = 0.3 ni asilimia 76, na kwa p = 0.5 ni asilimia 94. Utaona pia kwamba papa wanashiba wenyewe, bila wewe kuandika kanuni ya kushiba. Hesabu katika programu yako, papa wakiwa wachache, ni wangapi kati yao walikula katika hatua moja. Zikitofautiana sana na namba hizo, hitilafu iko katika msimbo, nayo irekebishwe kabla ya lolote. Zikilingana, zima swichi na uendeshe tena kwa mbegu zilezile. Ikiwa mawimbi, muda wake na mara za kutoweka vinabaki karibu vilevile, gridi haikuongezei kitu, na unaweza kurudi kwenye milinganyo au nasibu kwa amani. Ikiwa vinabadilika, tofauti hiyo ndiyo athari ya mahali, imepimwa kwa wanyama wako na kwa kanuni zako, na hapo gridi ibaki.